Waandishi chipukizi wasitozwe kwa kilicho bure

Mwaka jana nilialikwa na walimu wa shule moja ya kutwa ili nizungumze na wanachama wa chama chao cha uandishi. Niliwakuta wanafunzi 19 wameketi chini ya mwembe, madaftari mapajani. Nilipomaliza hotuba yangu, ambayo nakiri ilikuwa ndefu kupita kiasi, mvulana mmoja wa kidato cha tatu alisimama akaniuliza: "Mwalimu, mtu anahitaji pesa ngapi ili awe mwandishi?"

Wenzake waliangua kicheko. Mlezi wa chama hakucheka, na aliponieleza kiini cha swali lile, mimi pia niliona si la kuchekwa. Muhula uliotangulia, bwana mmoja aliyejiita mchapishaji alipita shuleni hapo akawatoza shilingi 500 kila mmoja. Aliwaambia kuwa fedha hizo ni za kusajili hakimiliki ili hadithi zao zisiibwe, kisha zichapishwe katika diwani moja yenye majina yao. Walimpa fedha. La kusikitisha zaidi ni kwamba walimpa pia nakala zao za pekee, zilizoandikwa kwa mkono. Bwana huyo hajaonekana tena.

Yafaa walimu wenzangu tulifahamu jambo hili barabara. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya fasihi hulindwa mara tu inapokuwa imetungwa na mwandishi mwenyewe na kuandikwa au kurekodiwa. Usajili waweza kusaidia kama ushahidi panapozuka mzozo, lakini hakimiliki haiungoji usajili. Mwanafunzi aliyeandika hadithi yake daftarini jana usiku amelala akiwa tayari na hakimiliki hiyo, na hakumlipa mtu hata senti. Anayemtoza kijana fedha ili "ampe" haki hiyo anamuuzia shati alilokwisha kulivaa.

Sheria iyo hiyo ina upande wa pili ambao aghalabu hatuufundishi. Haki hiyo hudumu katika uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Muda huo ukiisha, kazi yake huwa mali ya umma. Mathalani, ngano za Unguja alizozikusanya Edward Steere na kuzichapisha London mwaka 1870 hazina mwenyewe wa kudai malipo, na nakala zake zapatikana bure katika intaneti, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Vilevile, baadhi ya miswada ya tenzi zetu za kale, ambayo imehifadhiwa katika SOAS, Chuo Kikuu cha London, imepigwa picha na kuwekwa wazi kwa msomaji yeyote. Ni kinaya kwamba mtoto wa Mombasa aingie London kwa simu ili aone hati za mababu zake. Hata hivyo, aingie.

Shule zenye kompyuta nazo hazina sababu ya kununua programu za kuandikia. LibreOffice, iliyoanza mwaka 2010, haina malipo na ina kamusi ya kusahihisha tahajia ya Kiswahili. Kazi ya kuziswahilisha programu za aina hii ina historia yake hapa kwetu Afrika Mashariki: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kitovu cha mradi wa Kilinux uliotoa Jambo OpenOffice. Lakini natoa tahadhari. Mashine ya tahajia hutambua neno, haitambui maana. Mwanafunzi akiandika kuwa serikali "inathamini" timu ya mpira ilhali alikusudia "inadhamini", au akatuletea "dhana za kilimo" badala ya "zana za kilimo", mashine itampitisha bila kusita. Hapo pana kazi ya mwalimu.

Kwa wanaoandikia watoto wadogo, upo mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini mwaka 2014. Hadithi zake, zikiwamo za Kiswahili na za lugha nyingine nyingi za bara hili, husomwa, huchapwa na hutafsiriwa bila malipo. Mwanafunzi aweza kuchukua hadithi ya Kiswahili akaitafsiri kwa lugha ya nyumbani kwao na kuitoa kwa wasomaji. Sijui zoezi la darasani linaloshinda hilo.

Najua nitaambiwa kwamba shule nyingi hazina kompyuta na simu haziruhusiwi bwenini. Ni kweli. Lakini Abdilatif Abdalla, aliyefungwa mwaka 1969 kwa sababu ya kijikaratasi cha kisiasa, aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki juu ya karatasi za chooni. Diwani hiyo ilitoka mwaka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Simtaji ili tuwaambie watoto wafurahie uhaba. Hakuna aliyepaswa kuandika katika hali ile. Namtaja kwa kuwa kila shule yangu niliyofundisha ilichoma, kila muhula, magunia ya karatasi za mitihani ya majaribio zilizochapwa upande mmoja tu.

Kisha kuna kifaa ambacho hakiuzwi dukani kabisa, nacho ni masikio ya wenzako. Washairi wa kurasa za magazeti yetu walisomeshana kwa njia hii miaka na miaka: mmoja wa Lamu huuliza kwa beti saba, wa Kakamega hujibu, wa tatu akawakosoa wote wawili vina. Chama cha shule kinaweza kufanya vivyo hivyo kwa kanuni chache. Mwandishi asome kazi yake kwa sauti, mara mbili. Wakati wenzake wanapotoa maoni, yeye anyamaze na aandike, asijitetee. Na anayekosoa ataje mahali hasa alipochoka au alipopotea njia, si kusema tu kwamba hadithi "ni nzuri lakini ina makosa madogo madogo". Walimu tusiwe wa kwanza kusema. Tukisema kwanza, wote watatufuata.

Wale wanafunzi 19 walikuwa wakisomeana hivyo kabla ya hadithi zao kuchukuliwa, na hilo ndilo lililowaokoa kwa kiasi fulani. Mlezi wao aliniambia kwamba waliketi Ijumaa tatu mfululizo, kila mmoja akikumbusha alichokisikia cha mwenzake. Hadithi 11 zimerudi zikiwa takriban nzima. Ya msichana mmoja wa kidato cha pili, kuhusu nyanya yake na kisima kilichofukiwa, ilirudi na miisho miwili, kwa kuwa wasikilizaji hawakuafikiana. Mwenyewe ameiacha yote miwili, na safari hii ana nakala mbili: moja yake, moja kabatini mwa mlezi.