Kujifunza Mbele ya Feza

Wandugu mapadri na makatekista wanauliza mara nyingi: tufanye nini ili mashini ya kusaga ya parokia isife? Mimi nimeona moja iliyokufa. Ilitoka Ulaya, ikasaga miaka miwili. Padri aliyeileta akahamishwa, na sasa kuku wanalala juu yake. Watu walisema: «Mashini ya Padri imeharibika.» Hawakusema: yetu. Ndio ugonjwa wenyewe.

Inchi ya Kanada, upande wa Nova Scotia, mapadri waliupigania ugonjwa huo mbele yetu. Mwisho wa mwaka 1922 Padri Jimmy Tompkins alitumwa Canso, parokia ya wavuvi maskini sana. Mwenye kununua samaki ndiye aliyepanga bei, na mara nyingi ndiye aliyekopesha nyavu na chakula. Basi deni halikwisha. Tompkins hakuanza na feza. Alitembea kwa wavuvi, mifuko imejaa vitabu vidogo, akiwauliza sababu za umaskini wao.

Mwaka 1928 Universite ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, kule Antigonish, ikafungua ofisi ya kufundisha watu wazima, mkubwa wake Padri Moses Coady. Watu walikutana nyumbani jioni, wachache wachache, wakihesabu: samaki wetu wanauzwa bei gani hapa, bei gani mjini, na nani anakula tofauti? Katika hesabu hiyo kazi ilizaliwa. Kule Little Dover wavuvi walikata miti wenyewe, wakajenga kiwanda cha kutia kamba wakubwa wa bahari katika makopo.

Mwaka 1932 ikatoka sheria ya masanduku ya akiba na mkopo. Hapa tusimame kidogo. Likelemba tunaijua sisi wote: feza inazunguka, kila mtu anapata zamu yake, kisha inakwisha. Katika sanduku, feza inabaki, inakopeshwa kwa faida kidogo, inarudi. Kila mwenye fungu ana sauti moja tu, hata akiweka nyingi. Na hesabu inasomwa mbele ya wote. Kwetu Padri anapenda kushika ufunguo, juu ya kuogopa wezi. Namfahamu, lakini hapo ndipo sanduku linageuka kuwa la Padri, sawa na ile mashini.

Katekista anayetaka kuanza aite watu saba ao nane. Wachukue mfuko mmoja wa mihogo, waandike bei yake kijijini, bei ya mjini, na gharama ya njia. Kwa jioni ya kwanza inatosha.