Jina na Nadharia: Istilahi za Atomu na Jedwali Radidi

Mwunda istilahi hana budi kujiuliza: jina lieleze nini? Neno atomu, kwa asili yake ya Kiyunani, ni kisichogawanyika. J. J. Thomson alipogundua elektroni mwaka 1897, maana hiyo ilibatilika; jina likabaki. Lau tungalitafsiri asili hiyo, mwanafunzi wa kemia angalifundishwa kwamba "kisichogawanyika" kina kiini chenye protoni na nyutroni, na elektroni zinazokizunguka. Hapa neno la mkopo, kwa kutobeba maana, ni salama zaidi.

"Radidi" ni kinyume chake. Kuradidi ni kurudia, nazo tabia za elementi hurudia. Lithiamu (3), sodiamu (11) na potasiamu (19) zina elektroni moja moja katika ganda la nje, na zote humenyuka na maji zikatoa haidrojeni. Mwaka 1869 Mendeleev alizipanga elementi kwa uzani wa atomu. Mwaka 1913 Moseley akadhihirisha kuwa msingi ni chaji ya kiini, yaani idadi ya protoni. Maelezo yalibadilika, marudio yakabaki.

Basi, tutafsiri jambo lionekanalo. Nadharia tuiachie mkopo.