Bukavu: Ndoa ni ya kweli, lakini ushahidi uko wapi?

Kuishi mbalimbali hakuifanyi ndoa kuwa ya uongo. Mahakama za Marekani na Ulaya zilikwisha kusema hivyo tangu miaka ya 1970 na 1980. Lakini kwa familia za Bukavu, ambako ndoa nyingi hufungwa mbele ya wazee na vita vimeivuruga safari ya kwenda Kinshasa kwenye balozi, mzigo wa kuithibitisha ndoa umewaangukia wanandoa wenyewe.

Tuchukue mfano wa mama anayeuza sambaza katika soko la Kadutu. Hatumpi jina, kwa sababu si mtu mmoja. Ni mfano uliokusanywa kutokana na mambo yanayozikuta familia nyingi za mji huu.

Siku ya ndoa yake familia mbili zilikaa uani, wazee wakazungumza, mahari ya ng'ombe na mbuzi ikatolewa, kitenge cha mama mkwe kikapokelewa. Baadaye ikafuata misa. Kwenda komini kuandikisha kulisogezwa hadi mwezi uliofuata, na mwezi huo haukufika. Watoto wawili wakazaliwa. Kisha mume akakimbia, akapitia Uganda, na mwishowe akapewa hadhi ya ukimbizi nchini Ubelgiji. Leo anataka kuwaita mke na watoto.

Hapa mtaani hakuna anayeuliza kama hawa ni mume na mke. Lakini afisa wa uhamiaji aliyeko Brussels hakuwaona wale ng'ombe. Anachoona ni faili, na kwenye faili kuna watu wawili ambao hawajalala chini ya paa moja kwa miaka kadhaa.

Ndoa iliyoishia njiani

Kanuni ya Familia ya Kongo ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwezi Julai 2016, inakubali milango miwili. Ndoa inaweza kufungwa katika familia kwa kufuata mila, au mbele ya afisa wa hali ya kiraia. Katika njia zote mbili, sheria inataka mahari. Lakini ndoa ya kimila inapaswa kupelekwa kwenye ofisi ya hali ya kiraia ili iandikwe na itambuliwe na watu wengine nje ya familia hizo mbili. Ndoa ya kanisani peke yake haiwapi wanandoa cheti cha serikali.

Wengi huishia katikati. Wapo wanaokosa pesa, wapo wanaoona misa inatosha, na wapo wanaodhani cheti ni jambo la matajiri. Maadamu wote wako nyumbani, karatasi hiyo haikosekani kwa lolote. Inaanza kutafutwa siku mmoja anapovuka mpaka.

Anayeandikisha ndoa kwa kuchelewa anakutana na swali jingine. Cheti kinatolewa mwaka huu, wakati mtoto wa kwanza amekwisha kumaliza shule ya msingi. Afisa atauliza kama ndoa imetengenezwa kwa ajili ya viza. Jibu lipo, mradi litolewe mapema: siku ya sherehe na siku ya kuandikishwa ni tarehe mbili tofauti, na zote mbili zinapaswa kuonekana kwenye hati. Orodha ya mahari iliyosainiwa na wazee, cheti cha ndoa cha parokia na picha za siku hiyo ndivyo vinavyounganisha tarehe hizo mbili.

Sheria ya Kongo pia inaruhusu mmoja wa wachumba awakilishwe na mtu mwingine kwa sababu nzito, kwa idhini ya hakimu wa mahakama ya amani. Njia hii huwafaa walio ughaibuni, lakini ina mtego. Sheria ya uhamiaji ya Marekani haimhesabu kuwa mke au mume mtu aliyefunga ndoa bila wote wawili kuwapo mbele ya mwenzake, isipokuwa kama baadaye walikutana kimwili kama mume na mke. Kwa hiyo aliyeoa kwa njia ya mwakilishi anahitaji pia ushahidi wa kukutana baada ya sherehe: mihuri ya pasipoti, tiketi, risiti za hoteli au za nyumba ya wageni.

Afisa anatafuta nini?

Tangu mwaka 1999 sheria ya Ubelgiji inasema hakuna ndoa iwapo mazingira yote kwa pamoja yanaonyesha wazi kwamba angalau mmoja wa wawili hao hakukusudia kujenga maisha ya pamoja, bali kupata faida ya ukaazi tu. Marekani inatoa adhabu ya hadi miaka 5 jela na faini ya hadi dola 250,000 kwa anayefunga ndoa kwa makusudi ya kukwepa sheria za uhamiaji. Ndoa za namna hiyo zipo, na ndiyo maana maswali huwa makali.

Tarehe 4 Desemba 1997 Baraza la Umoja wa Ulaya lilipitisha azimio linalotaja dalili za kuangalia. Ya kwanza katika orodha ni wanandoa kutoishi pamoja. Nyingine ni kutowahi kuonana kabla ya ndoa, kukosa lugha moja wanayoelewana, kutochangia majukumu ya nyumba, na kutoa majibu yanayopingana kuhusu majina, kazi au jinsi walivyojuana. Pesa iliyolipwa ili ndoa ifungwe nayo ni dalili, lakini azimio hilo linaitoa mahari kwenye kundi hilo pale ambapo mahari ni desturi ya kawaida. Familia ya Bukavu haina sababu ya kuificha mahari mbele ya afisa. Mahari iliyoandikwa vizuri ni ushahidi wa ndoa.

Mahakama zilisema nini kuhusu nyumba mbili?

Mwaka 1975 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani yenye makao yake San Francisco iliamua shauri la wanandoa waliokuwa wametengana. Maafisa walisema kutengana kunaonyesha ndoa ilikuwa ya uongo. Mahakama ilikataa hoja hiyo. Ilisema swali ni kama siku walipooana walikusudia kujenga maisha pamoja. Mambo ya baadaye yanaweza kusaidia kujua nia ya siku ile, lakini kutengana peke yake hakutoshi.

Miaka 10 baadaye, tarehe 13 Februari 1985, Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la mwanamke wa Senegal aliyeolewa na raia wa Ufaransa na kuishi Berlin. Alikuwa amehama nyumba ya mumewe, na idara ikakataa kumwongezea kibali. Mahakama ilisema mume na mke hawalazimiki kuishi chini ya paa moja wakati wote, na kwamba ndoa haijavunjika mpaka mamlaka inayohusika iivunje. Hukumu hiyo iliwahusu wanafamilia wa raia wa Ulaya wanaofanya kazi katika nchi nyingine ya Ulaya, si kila mwombaji. Hata hivyo inaonyesha kwamba nyumba mbili si kosa kisheria.

Kinachohitajika ni kueleza kwa nini nyumba ni mbili. Kwa mkimbizi sababu ni nzito. Akirudi Bukavu kumtembelea mkewe, anaweza kuonekana kuwa haogopi tena nchi yake na kuhatarisha hadhi aliyopewa. Kwa hiyo kutokuja kwake miaka mitano si dalili ya kumwacha mke. Jambo hilo liandikwe kwenye barua ya maombi, lisiachwe afisa alikisie. Wanaoweza hukutana Kampala, Kigali au Bujumbura, na kila safari ya namna hiyo ina uzito kwenye faili.

Karatasi ndogo zinazobeba mzigo

Ushahidi mwingi upo, ila mara nyingi umewekwa kwa jina lisilo sahihi. Mume anatuma pesa kila mwezi kwa M-Pesa au Airtel Money, lakini laini ni ya shemeji kwa sababu yeye ndiye mwenye kitambulisho. Miaka minne ya kulisha nyumba inaonekana kwenye karatasi kama miaka minne ya kumsaidia ndugu. Tangu benki za Bukavu zifunge milango mwezi Februari 2025, simu na mawakala wa kutuma pesa wamekuwa tegemeo kubwa zaidi, na swali la nani ameandikishwa kwenye laini limekuwa zito kuliko zamani.

Mazungumzo ya WhatsApp nayo husaidia, mradi yaonyeshe miaka na si wiki mbili za mwisho kabla ya maombi. Ujumbe wa mtoto kuwa na homa, wa ada ya shule au wa ugomvi kuhusu kodi ya nyumba una nguvu kuliko mamia ya maneno ya mapenzi. Simu ikiibwa bila kuhifadhi nakala, historia hiyo imepotea.

Halafu kuna majina. Tangu Mobutu alipozuia majina ya Kikristo mwaka 1972, Wakongo wamezoea kuwa na jina la nyongeza la asili, na leo wengi wana majina matatu. Fomu za nje huwa na nafasi mbili. Mtu anayeitwa Cirhuza kwenye cheti cha ubatizo anakuwa Chiruza kwenye kadi ya mkimbizi, na jina la tatu linatumbukia kwenye nafasi ya ukoo. Kwa anayesoma faili akiwa mbali, hao ni watu wawili.

Kubwa kuliko yote ni lile lililosemwa mwanzo. Wapo waliofika kambini Uganda au Tanzania wakajiandikisha kuwa hawajaoa, kwa hofu au kwa kudhani kwamba asiye na familia husafirishwa haraka. Kanuni za uhamiaji za Canada zinaweza kumfungia mlango mwenzi ambaye hakutajwa wala kuchunguzwa wakati mwenzake alipoomba ukaazi. Nchini Marekani, aliyeingia kama mkimbizi ana miaka 2 ya kumwombea mwenzi wake kwa fomu I-730, na ndoa lazima iwe ilikuwapo kabla hajaingia. Aliyesema hana mke anakuja baadaye kupingana na maneno yake mwenyewe.

Njia ya Kinshasa

Hata faili likiwa kamili, lazima lifike. Balozi ziko Kinshasa, karibu kilomita 1,500 kutoka Bukavu kwa njia ya anga. Waasi wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu tarehe 14 Februari 2025 na kuudhibiti mji siku mbili baadaye. Safari ya kwenda mji mkuu ikageuka kuwa safari ya kupitia nchi jirani. Hati zinazokwenda Ubelgiji zinahitaji pia kuthibitishwa na Wizara ya Mambo ya Nje mjini Kinshasa, kisha na ubalozi. Na Bukavu sasa ina utawala ambao serikali ya Kinshasa haiutambui.

Hapa kuna hukumu ambayo familia za Bukavu zinafaa kuijua. Tarehe 18 Aprili 2023 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la mama na watoto wake waliokuwa Afrin, Syria, wakati mume alikuwa mkimbizi Ubelgiji. Walishindwa kusafiri hadi ubalozini, na Ubelgiji ikasema maombi hayapokelewi bila wao kufika wenyewe. Mahakama ilisema nchi haiwezi kudai hivyo bila ubaguzi wowote wakati wa kuwasilisha maombi, ikiwa safari haiwezekani au ni ngumu kupita kiasi. Inaweza kuwataka wafike hatua ya baadaye, lakini iwasaidie kufika na isiwaite mara nyingi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu kuunganisha familia, ya mwaka 2003, inaongeza jambo jingine kwa wakimbizi: maombi hayawezi kukataliwa kwa sababu tu hati rasmi zinakosekana. Ushahidi mwingine lazima uangaliwe. Mwanasheria wa mume kule Ulaya anapaswa kuyataja haya mawili tangu barua ya kwanza.

Siku ya mahojiano

Wanandoa wengi hukaririshana majibu kabla ya mahojiano. Ni hatari. Majibu yanayofanana neno kwa neno humtia afisa shaka kama yale yanayopingana. Mtu aliyeishi mbali na mkewe miaka sita hawezi kujua rangi ya pazia la leo, na kusema "sijui, niliondoka tukiwa bado Bagira" ni jibu zuri kuliko kubahatisha.

Kinachosaidia ni ukurasa mmoja wa tarehe, uandaliwe na wote wawili: lini walijuana, lini mahari ilitolewa, walipanga nyumba wapi, nani aliondoka lini na kwa nini, pesa ilipitia namba ya nani, walikutana tena wapi. Kila mstari uambatane na karatasi yake. Pasipo karatasi, shemeji, padri au mchungaji aandike alichokiona yeye mwenyewe, pamoja na nakala ya kitambulisho chake.

Mama wetu wa Kadutu bado anaweza kufanya mengi kabla ya kufika kwa afisa yeyote: kuandikisha laini kwa jina lake, kuwaomba wazee wasaini orodha ya mahari wakiwa bado hai, kuchukua cheti parokiani, kupiga picha kila hati na kumtumia mumewe. Mtoto wake mkubwa anakaribia miaka 18, umri ambao baada yake kumwita mtoto kunaweza kuwa kugumu zaidi. Ndoa yake haina tatizo, lakini muda unamkimbia.