Nchi ipo kwenye simu, haipo kwenye fomu

Na Mwandishi Wetu, Kigali

MFANYABIASHARA wa Kigali anayetafuta soko la majani ya chai mjini Hargeisa atafanya kama wengi wetu tufanyavyo siku hizi. Atashika simu na kuuliza mji huo uko nchi gani. Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni, itamletea ukurasa wa Somaliland wenye bendera, rais, sarafu na ramani. Kisha atakwenda kwenye fomu ya mzigo, ashuke orodha ya nchi kutoka juu hadi chini, na Somaliland asiione. Atakayoikuta ni Somalia.

Simu haikudanganya, wala fomu. Kila moja inajibu swali lake, na hasara ya kuyachanganya maswali hayo humwangukia mwenye mzigo.

Somaliland iliyotawaliwa na Waingereza ilipata uhuru tarehe 26 Juni 1960, na siku tano baadaye ikaungana na Somalia iliyokuwa chini ya Waitaliano. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka, viongozi wa kaskazini wakatangaza kujitenga tarehe 18 Mei 1991. Tangu hapo wana bunge lao, polisi wao, shilingi yao na uchaguzi wao. Kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mwanachama wa Umoja wa Mataifa aliyewatambua, mpaka Israeli ilipofanya hivyo Desemba 2025. Mogadishu inasema hiyo ni sehemu ya Somalia, na Umoja wa Afrika unasema vivyo hivyo.

Sasa anayeandika kamusi elezo aseme nini? Wikipedia haina mhariri mkuu wa kukata shauri. Huandikwa na watu wa kujitolea, na kanuni yao ni kwamba kamusi haitangazi nchi wala haifuti nchi. Inaeleza nani amesema nini, na kuonyesha chanzo. Kwa maneno tu ni rahisi. Kazi iko kwenye sentensi ya kwanza ya ukurasa, maana lazima ianze na "Somaliland ni..." kisha lifuate neno. Ukiandika "nchi", Mogadishu imeonewa. Ukiandika "jimbo la Somalia", Hargeisa imeonewa. Ndiyo maana kurasa za namna hii hujaa maneno marefu: iliyojitangazia uhuru, isiyotambuliwa, inayotambuliwa na baadhi. Msomaji mwenye haraka huyaruka maneno hayo na kutazama bendera. Kumbe habari yote imo humo.

Kosovo ilipotangaza uhuru kutoka Serbia tarehe 17 Februari 2008, watu waligombana kwa sentensi hiyo hiyo. Mmoja anaandika, mwingine anafuta, wa kwanza anarudisha. Ugomvi ukizidi, wasimamizi (Wikipedia ya Kiswahili huwaita wakabidhi) huufunga ukurasa ili wasio na uzoefu wasiuguse, na wanaobishana hupelekwa kwenye sehemu ya majadiliano. Upo hata ukurasa mzima wa kuhesabu nchi zilizoitambua Kosovo, na hesabu yenyewe ina ubishi, kwa kuwa Serbia hudai baadhi zimebadili mawazo.

Sudan Kusini ilikuwa kazi nyepesi kuliko hizo. Kura ya maoni ilipigwa Januari 2011, na karibu asilimia 99 wakataka kujitenga. Uhuru ukaja tarehe 9 Julai, Khartoum yenyewe ikiwa ya kwanza kuutambua, na siku tano baadaye nchi hiyo ikawa mwanachama wa 193 wa Umoja wa Mataifa. Wahariri hawakuwa na la kugombania. Walichofanya ni kutenga ukurasa mmoja kwa nchi mpya, na mwingine kwa lile eneo lililojitawala kuanzia 2005 hadi 2011.

Lakini hata hapo karatasi zilichelewa. Msimbo wa herufi mbili, SS, ulitolewa Agosti. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa Juba ilikuwa mji mkuu wa nchi yenye kiti New York, huku kwenye orodha ya misimbo nchi hiyo haimo. Jambo hili si dogo kwa wanaopeleka mizigo kupitia Nimule. Mifumo mingi ya forodha hufuata orodha hiyo, na benki pia: herufi ya tano na ya sita katika namba ya SWIFT ya benki yako ni za nchi. Hapa kwetu ni RW. Somaliland haina herufi zake, na simu zake bado zinaanza na +252 ya Somalia.

Ziko pia nchi zilizotangazwa zikafa, na kamusi elezo haizifuti. Katanga ya Moïse Tshombe ilijitenga na Kongo tarehe 11 Julai 1960, ikatoa stempu na fedha zake, ikapeperusha bendera yenye misalaba mitatu ya shaba, na ikakoma Januari 1963 bila kutambuliwa na nchi yoyote. Ina ukurasa wake. Kisiwa cha Nzwani huko Komoro kilijitangazia uhuru Agosti 1997, tena kikitaka kurudi Ufaransa, na Ufaransa ikakataa! Kwa hiyo kuwa na ukurasa na bendera si cheti cha uhai. Tazama kama kuna mwaka wa kuisha.

Wanaovuka kila asubuhi kutoka Rubavu kwenda Goma hawahitaji kufundishwa tofauti hii. Mji huo uliangukia mikononi mwa M23 Januari 2025. Hakuna aliyetangaza nchi mpya huko, na kamusi elezo inauandika kuwa mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kisha mahali pengine inaeleza nani anaushikilia. Mwenye mji na anayeshika mji wanaweza kuwa watu wawili, na mchuuzi hukutana kwanza na yule anayeshika.

Jambo moja kuhusu toleo la Kiswahili. Lilianza 2003, na wanaoliandika bado ni wachache, hivyo ukurasa wa nchi yenye mgogoro unaweza kukaa muda mrefu bila kuguswa. Bonyeza historia ya ukurasa: kila badiliko limewekwa tarehe na saa. Ukikuta la mwisho lilifanywa miaka mitatu iliyopita, usipangie safari. Soma na majadiliano, maana huko ndiko utaona nini kinabishaniwa, mara nyingi kwa uwazi kuliko ukurasa wenyewe.

Turudi kwenye chai yetu. Somalia imekuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu tarehe 4 Machi 2024. Kwa hesabu ya Jumuiya, Berbera ni bandari ya nchi mwanachama, na mwenye cheti cha uasili wa bidhaa anaweza kudhani nafuu ya ushuru inamngoja. Langoni Berbera anayetoza ushuru ni serikali ya Hargeisa, ambayo haikusaini mkataba wa Jumuiya na haijioni kuwa Somalia. Mnunuzi wako aliyeko huko ndiye wa kuulizwa, tena kwa maandishi na kabla gari halijapakiwa: jina gani la nchi liandikwe kwenye cheti na ankara, forodha ya nani itaupokea mzigo, na ushuru wake atalipa nani.