Je, Wajua? Si kila goti la mbwa hupasuliwa

Mbwa mdogo, tuseme Pomeranian au Chihuahua wa mtaa wa Milimani mjini Kakamega, anaweza kukunja mguu wa nyuma ghafla, akarukaruka hatua tatu nne, kisha akakimbia kama kawaida. Pia ya goti imechomoka kwenye mfereji wake, mara nyingi kuelekea ndani, ikarudi yenyewe. Madaktari wa mifugo hupanga tatizo hili katika madaraja 4. Katika la 1, pia hutoka ikisukumwa kwa kidole na kurudi ikiachiliwa. Katika la 4, imehama kabisa na hairudi hata kwa mkono. Daraja la 1 lisiloleta kuchechemea halihitaji kisu, bali kupunguza uzito na kumwangalia mbwa.

Wapo wanaosema mbwa asiyelia haumwi. Hoja hiyo haina mashiko: mbwa huficha maumivu, na kila pia inapochomoka husugua gegedu mpaka lilike. Pingamizi la umbali dhidi ya kumpeleka mbwa kupimwa lina uzito zaidi, kwani kliniki ya wanyama wadogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Kabete, zaidi ya kilomita 300 kutoka Kakamega. Ila umbali huo ndio sababu ya kupima mapema, hasa kwa kuwa upasuaji wenyewe (kuchimba mfereji uwe na kina, pengine kuhamisha kipande cha mfupa wa muundi kinachoshikilia kano) hufuatwa na wiki 6 hadi 8 za kamba fupi, bila ngazi wala kuruka kwenye kochi.