Mbwa Anayekua, Mbio Zake na Funza Nyumbani

  Leo usishangae ukinisikia mimi, muuguzi wa jamii, nikizungumza juu ya mbwa. Sikiliza hadi mwisho nawe utaelewa sababu.

Siku moja nikizuru nyumba kwa nyumba nilifika kwa nyanya anayelea wajukuu wake. Mjukuu mkubwa, mvulana wa kidato cha pili, hufanya mazoezi ya mbio kila alfajiri, na alikuwa akienda na mbwa wake wa miezi 7. Siku hiyo mbwa alikuwa amelala kivulini akijilamba miguu.

"Sista, huyu mbwa amekuwa mvivu," kijana akaniambia. "Mwezi uliopita tulikuwa tukienda naye kilomita 8. Sasa nikimvuta kwa kamba anakaa chini."

Nilimwomba amshike vizuri, tukatazama nyayo. Ngozi nene ya chini ilikuwa imechubuka. Katikati ya vidole mlikuwa na vivimbe vyeupe vyenye kitone cheusi. Walikuwa funza. Nikamwita mjukuu mdogo, msichana wa miaka 4, ambaye hucheza pale pale mbwa anapolala. Naye alikuwa na funza watatu kwenye kisigino.

Msikilizaji, tuanze na mbio. Mbwa anayekua hajakomaa mifupa. Karibu na ncha za mifupa kuna sehemu laini ambazo ndizo zinazorefuka. Kwa mbwa wengi sehemu hizo hukomaa anapokaribia mwaka mmoja, na kwa mbwa wa maumbo makubwa huweza kufika mwaka mmoja na nusu. Kabla ya hapo usimkokote kwa kamba mbio ndefu. Mwache acheze mwenyewe kwenye nyasi na apumzike anapotaka. Akishakomaa, anza na mwendo mfupi kisha uongeze kidogo kidogo, ili ngozi ya nyayo ipate kukaza. Jua likiwa kali, weka nyuma ya mkono wako juu ya lami. Ukishindwa kuvumilia kwa sekunde 7, basi na mbwa pia ataungua.

Sasa tuje kwa funza. Funza ni kiroboto mdogo wa milimita moja hivi. Jike huchimba ndani ya ngozi, hunyonya damu na kuvimba akawa kama punje ya njegere. Kwa muda wa wiki mbili hivi hutoa mayai, nayo huanguka mavumbini na kuangua huko. Kwa hiyo mbwa mwenye funza akizunguka boma, anayasambaza mayai kila anapokanyaga. Ukimtibu mtoto na kumwacha mbwa, baada ya wiki chache utaanza kazi upya.

Basi tufanye nini?

Kwanza, kila mbwa anaporudi kutoka mbioni, mwoshe miguu kwa maji na sabuni, mpanguse, kisha utazame katikati ya vidole. Tafuta miiba, mikato, kupe na funza. Kucha zikiwa ndefu hadi zinagonga sakafu, zipunguzwe. Mbwa mwenye maumivu anaweza kumuuma hata mwenyewe, kwa hiyo mtu mzima ndiye amshike, wala si mtoto.

Pili, ukiona funza au mbwa akichechemea kwa zaidi ya siku moja, mwone afisa wa mifugo. Usimpake petroli wala dawa kali ya kuogeshea ng'ombe.

Tatu, nyunyiza maji kwenye sakafu ya udongo kabla ya kufagia, na umtengee mbwa mahali pa kulala mbali na watoto.

Nne, mtoto mwenye funza apelekwe zahanati. Msitumie pini au sindano moja kwa watu wawili. Pini chafu huleta pepopunda, na ikitumiwa na wengi huweza kueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Watoto wavae viatu.

Tano, mbwa achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa afikapo miezi 3, kisha kila mwaka. Ukiumwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, halafu uende hospitali siku hiyo hiyo.

Yule nyanya alifanya haya yote. Niliporudi baada ya miezi miwili, visigino vya mtoto vilikuwa vimepona, na mbwa alinipokea langoni akirukaruka. Kijana sasa hukimbia peke yake. Ameniambia kwamba atamchukua mwenzake akishatimiza mwaka na nusu.

Leo jioni, msikilizaji, utakapowaosha watoto miguu, mwite na mbwa umtazame. Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema. Kwaheri.