Watoto Wangu Katika Hazina ya Murumbi

Alfajiri tulisimama kando ya barabara ya Nakuru hapa Chepseon tukingoja matatu, umande wa majani chai ungali kwenye viatu vya watoto. Tulikuwa tunaenda Nairobi Gallery, jengo la mawe la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo mna hazina ya Joseph Murumbi, makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, aliyekusanya sanaa za Afrika kwa miaka mingi.

Kabla ya kuingia niliwalisha chapati. Mtoto mwenye njaa haoni picha. Kisha nikawapa kazi moja: kila mmoja achague kitu kimoja tu, akitazame hadi aridhike.

Binti yangu wa miaka 6 alichuchumaa mbele ya shanga, akahesabu rangi kwa kidole bila kugusa. "Mama, aliyezitunga alikuwa kama kogo?" Kogo, yaani nyanya yake, hutunga shanga kila jioni. Hapo nikajua ameelewa.

Saa moja ilitosha. Wazazi wenzangu, sanaa si ya wakubwa wala ya watu wa Nairobi pekee. Wapelekeni watoto wangali wadogo, na muwaache watangulie.